Miaka Yangu na Mwarobaini

Siku mliponiaga kwa keki na soda, mmoja wenu alisimama akasema niandike kumbukumbu zangu ili vijana wajifunze. Watu wakapiga makofi, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kusimama na viatu vya sherehe vilinibana. Sasa nimestaafu, nakaa barazani kwangu hapa Makole, magoti yananiuma kila ninapoinuka, na kisingizio cha kutoandika sina tena. Vyeo nitaviacha. Anayetaka kujua nilipandishwa lini na kwa nini nilicheleweshwa akaulize masjala. Nitawaeleza habari za gari moja na watu wawili walionifundisha kulipenda, maana nikiyaondoa hayo sijui kama nina kingine cha kuwaachia.

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile lililoegeshwa nyuma ya kituo chetu cha zimamoto, jekundu lililopauka, lenye pua ndefu na kengele ya shaba. Kwenye kadi lina herufi na namba tu. Sisi tuliliita Mwarobaini. Wageni walidhani ni kwa sababu linatibu kila kitu kama ule mti. Ukweli ni kwamba lilikuwa na magonjwa arobaini.

Nilifika kituoni nikitokea mafunzoni, binti wa Kigogo aliyetumaini kupangiwa kazi ya ofisini. Nilijua kuchapa. Mkuu wa kituo wa wakati ule alisoma barua yangu, akasema mashine ya kuchapa imeharibika lakini dereva wa gari kubwa anahitaji msaidizi. Wenzangu wengine wana hadithi za wito walioupata tangu utotoni. Wito wangu mimi ulikuwa mashine mbovu ya kuchapa.

Dereva huyo aliitwa Mzee Nhonya, mtu wa Kongwa. Baba yake aliwahi kuendesha matrekta ya Waingereza kwenye yale mashamba ya karanga, na mashamba yaliposhindikana, Mzee alikulia kati ya vyuma vilivyoachwa porini. Nilimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu, ametandaza gunia, anapaka grisi.

“Shikamoo, Mzee,” nikasema.

“Marahaba. Wewe ndiwe msaidizi wangu? Jina nani?”

“Perisi.”

“Haya, Perisi. Lizunguke hili gari, ukimaliza uniambie umeona nini.”

Nililizunguka, nikarudi nikamwambia nimeona gari jekundu. Akaniambia nizunguke tena. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Kila nilipoleta jibu alitikisa kichwa na kuendelea na grisi yake, bila hasira na bila haraka. Ilipofika saa za chakula nilikuwa najua mlango upi unakwama, mpira upi wa maji una kiraka, na ile spana kubwa ya kufungulia bomba la mtaani inaning'inia upande gani.

“Sasa umeanza kuliona,” akasema. “Moshi ukishuka hutaona hata mkono wako. Mkono wenyewe lazima uijue njia. Sitaki ulipende gari hili. Nataka ulijue. Mapenzi yatakuja yenyewe, na yakija utajuta.”

Alisema kweli kwa yote mawili.

Yapo mambo ya kazi aliyonifundisha ambayo hamtayakuta kwenye vitabu mlivyopewa na magari mapya. Mpira wa maji haukunjwi ukiwa umelowa. Hutandikwa kwenye mteremko, ukatiririka, ukakauka kivulini, maana jua la Dodoma hula mpira kama mchwa alavyo boriti. Pampu haisukumi hewa, inasukuma maji. Ukichota bwawani na mpira wa kufyonza ukawa na tundu dogo kama la sindano, utaunguruma hapo mpaka dizeli iishe bila kupata tone. Mzee alikuwa akitembeza kiganja chake kilicholowa juu ya kila kiungo, na pale ngozi ilipovutwa ndipo hewa ilipokuwa ikiingilia. Akiziba tundu kwa kitambaa chenye grisi, pampu ilikohoa kidogo kisha ikashika. Sauti ile ya pampu inaposhika maji ndiyo iliyoniharibu. Toka siku niliyoisikia mara ya kwanza, kule kwenye bwawa la Hombolo tulikokwenda kufanya mazoezi, sikuuliza tena kama mashine ya kuchapa imepona.

Mtu wa pili alikuwa fundi wetu, Salimu, mwenyeji wa Chemba, katika wale wenye lugha ya vidoko. Injini ilipomkera alizungumza nayo kwa lugha hiyo, ulimi ukigonga kaakaa, na sisi wengine tukawa hatujui kama anaitukana au anaibembeleza. Salimu na Mzee Nhonya walikuwa na ugonjwa mmoja. Wakati wa likizo, watu wengine walipokwenda kwao kulima, wao walipanda basi kwenda Singida au Morogoro kutazama magari ya zimamoto ya huko. Walijitambulisha getini, wakaomba kuliona gari, wakakaa nalo mchana kutwa, wakarudi wameridhika kama waliotoka harusini. Gari likikatwa chuma chakavu mahali popote, wao waliomba kipande: kengele, kibao cha mtengenezaji, pua ya shaba ya mpira wa maji. Chumba cha Mzee kilijaa vitu hivyo hata mkewe akaniuliza siku moja kama kuna dawa.

Nilimwambia sijui. Mwaka uliofuata nilipata likizo, nikajikuta nipo kituo cha basi na wale wawili, nimebeba chapati za njiani.

Msidhani tulikuwa tunacheza. Katika safari zile tulijua gari gani lilipelekwa wapi, lilirithi pampu ya gari gani, na fundi gani aliwahi kutengeneza kipuri ambacho kiwanda chake kilishafungwa. Lakini nitasema pia kwamba tulifurahi. Sioni aibu. Kazi yetu ni ya kungoja msiba wa mtu mwingine, na mtu anayengoja misiba maisha yake yote lazima awe na kitu cha kumfurahisha, la sivyo atakunywa pombe.

Sasa nifike kwenye ule moto wa Makole. Nimeuahirisha tangu nilipoanza kuandika.

Ulikuwa mchana, upepo wa kiangazi, ule unaobeba vumbi jekundu na kuligonga kwenye mabati. Simu iliita kwamba nyumba inaungua. Nilikuwa nimeshapewa usukani, Mzee amekaa kando yangu akisimamia pampu na mawasiliano, vijana nyuma. Tulifika upesi kuliko kawaida. Nyumba ilikuwa ya chumba na sebule pamoja na vyumba vya wapangaji kwa nyuma, na moto ulikuwa umekwisha shika dari. Mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na majirani ili asirudi ndani. Aliitwa Dorika, fundi cherehani. Mama yake, mzee asiyeweza kutembea, alikuwa chumba cha nyuma.

Tulifungua maji. Tenki la Mwarobaini halikuwa kubwa, na mpira mkubwa ukiufungua wote hunywa maji hayo kwa muda wa mtu kuvua viatu na kuvaa vingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaidizi ni kukimbilia bomba la zimamoto la mtaani na kuliunganisha kabla tenki halijakauka. Vijana wetu walikimbia mpaka mahali ambapo bomba lile lilipaswa kuwa. Walikuta kibanda cha kuuzia vocha na mkaa, kimejengwa kwa tofali na sakafu ya zege. Bomba lilikuwa chini ya zege.

Vijana wawili walikwishaingia ndani na kuufikia mlango wa chumba cha yule mama. Maji yakaisha mikononi mwao. Mzee aliwaita watoke, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye. Walitoka, na dari ikaanguka nyuma yao.

“Mmekuja bila maji!” mtu akapiga kelele, kisha wote wakawa wanasema hivyo. Mnajua kinachofuata, maana nanyi yamewakuta. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. La pili lilimpata Mzee Nhonya kwenye shavu, akiwa amesimama kwenye pampu anatazama mshale wa kipimo umelala sifuri. Hakujikinga. Aliniambia, “Geuza gari, twende tukajaze,” nami nikageuza, damu ikimchuruzika kwenye kola. Tuliporudi na maji hapakuwa na cha kuokoa isipokuwa nyumba za jirani. Tukaziokoa. Hakuna aliyetushukuru, na sikutegemea.

Mzee alistaafu baada ya hapo, muda wake ukiwa umefika. Kovu la shavuni lilimfanya aonekane kama anayetabasamu upande mmoja. Alirudi Kongwa, akafuga mbuzi, na huko ndiko tulikomzika miaka kadhaa baadaye. Mkewe alitukabidhi mimi na Salimu zile kengele na pua za shaba katika magunia. Alisema na yeye sasa apumzike, yeye na chumba chake.

Kisha Serikali ikahamia Dodoma. Mji ukapanda maghorofa, na kwa sababu gari letu lisingefika hata dirisha la tatu, tukaletewa magari mapya. Nisiwe mnafiki, niliyapenda pia. Ni marefu, yana ngazi inayojinyoosha yenyewe, yana tenki unaloweza kuogeshea kijiji. Salimu alikaa ndani ya mojawapo siku nzima akisoma vitufe. Jioni akashuka akasema, “Dada Perisi, hili gari halitaki fundi. Linataka mtu wa kompyuta na mtu wa kuliombea.” Lakini siku iliyofuata alirudi tena kulisoma.

Mwarobaini likasukumwa uani. Matairi yakaisha upepo, kuku wa jirani wakataga kwenye sanduku la mipira. Tukasikia kwamba litaingizwa kwenye mnada pamoja na madawati mabovu, na kila mtu anajua nani hununua gari la namna ile. Hununuliwa na wakata vyuma. Tulikwenda kumwona mkuu wa kituo, kijana mstaarabu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko saa za siku.

“Mama Perisi, naelewa mnalipenda,” alisema. “Lakini mapenzi siwezi kuyaandikia makao makuu. Nipe sababu.”

“Haya magari mapya, afande, pampu yake imefungwa ndani ya bati,” nikamjibu. “Kijana anabonyeza, maji yanatoka. Siku yasipotoka hajui aanzie wapi. Kwenye Mwarobaini kila kitu kiko wazi. Ataona hewa inaingilia wapi, ataona maji yanapita wapi. Tuachie la kufundishia.”

Alifikiri. “Limekufa lile.”

“Limelala,” Salimu akasema.

“Basi tufanye hivi. Watu wa mnada wakija walikute linatembea. Likitoka hapo uani kwa injini yake, nitaandika kwamba ni gari la mafunzo. Likivutwa na kamba, ni chuma.”

Tukaanza siku hiyo hiyo. Tulifanya kazi Jumamosi na jioni baada ya zamu, na nitakiri kwamba nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoonyesha. Umri wa kulala chini ya gari ulikuwa umenipita. Salimu alikuwa na shida kubwa zaidi. Sukari ilikuwa imemshika miaka mingi na sasa ilikuwa inakula macho yake. Nilikuja kujua siku aliponiomba spana ambayo alikuwa ameishika kwa mkono wake wa pili. Nilitaka kuzungumza, akaniwahi.

“Usiniambie niende nyumbani, dada. Nyumbani nitafanya nini?”

“Nilitaka kukuuliza ulivyokwenda hospitali walisemaje.”

“Walisema nisiendeshe gari usiku.” Akacheka kidogo. “Hili haliendi hata mchana.”

Kwa hiyo mimi nikawa macho, yeye mikono. Nilimweleza ninachokiona, naye aliingiza mkono ndani ya injini hadi kwapani na kunieleza kilichopo nyuma yake. Nilitambua wakati huo jinsi alivyokuwa amelizunguka gari lile miaka yote.

Pampu ya kusukuma dizeli ndiyo iliyotukwamisha. Ilikuwa imeoza, na mpya haipatikani duniani. Nikamkumbuka Mzee Nhonya akisimulia kuhusu lori lenye injini kama ya Mwarobaini huko Kongwa, karibu na maeneo ya malisho. Tulikwenda na basi la asubuhi, tukauliza, tukatumwa hapa na pale, mwishowe tukalikuta nyuma ya boma la mzee mmoja mfugaji. Alikuwa ameligeuza banda la ndama. Ndama wenyewe walituangalia kupitia dirisha la dereva.

Tulimwamkia, tukakaribishwa kigoda, tukaeleza shida yetu. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Mnataka moyo wa banda langu,” akasema.

“Tunataka kipande kimoja tu, baba,” nikamwambia. “Ndama hawatajua.”

“Na mimi nina mashine ya kuvutia maji kisimani, imegoma toka masika. Huyu ni fundi?”

Salimu alipelekwa kisimani akishikwa mkono. Nilikaa na wake wa boma nikichambua mboga mpaka nikasikia mashine inaunguruma. Tulirudi Dodoma na pampu yetu ndani ya kiroba, Salimu ameipakata kama mtoto mchanga, na kondakta akatuuliza kama ni mbuzi aliyechinjwa.

Siku ya mnada ilipofika, Mwarobaini lilikuwa limeunganishwa lakini halijawahi kuwaka. Betri tulikuwa tumeazima kwenye gari jipya, kwa ruhusa au bila ruhusa, hilo mwamuzi wake alishahamishwa kituo. Watu wa mnada walisimama kivulini na mkuu wa kituo. Nilipanda, nikakanyaga klachi, nikawasha. Ikazunguka, ikafa. Nikawasha tena, ikafa. Mmoja wa wakata vyuma alikuwa tayari anapima urefu kwa hatua.

Salimu akaja ubavuni mwa injini, akaweka kiganja juu ya bomba la dizeli. “Ngoja,” akasema. Akalegeza nati, hewa ikatoka ikiteta, dizeli ikamrukia mkononi, akakaza. “Sasa mbembeleze, usimlazimishe.”

Ikawaka. Moshi mweusi ukajaa uani, kuku wakakimbia, na mkuu wa kituo akapiga chafya mara kadhaa mfululizo. Nilitia gia ya kwanza, gari likajivuta polepole mpaka getini, matairi yakisaga kokoto. Pale getini nikasimama, kwa sababu breki bado hatukuwa tumezitengeneza na nilitaka kujua kama zipo. Zilikuwepo kiasi. Mkuu wa kituo alitimiza neno lake. Nilipomtazama Salimu alikuwa ameuelekeza uso kwenye sauti ya injini, siyo kwangu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alisema ni moshi.

Mwaka uliofuata tukaanza kulipeleka kwenye mitaa na shule kufundisha watu. Hapo ndipo nilipokutana tena na Dorika, kwenye uwanja wa shule hapa Makole. Alikuwa amezeeka, lakini nilimtambua kabla hajafika. Alisimama mbele ya kengele, akasubiri wanafunzi waondoke.

“Ndilo hili,” akasema.

“Ndilo, dada.”

“Nimesikia mmelitengeneza. Nikasema lazima niwaone watu wanaotengeneza kitu kama hiki. Mngelichoma moto.”

Nilimpa pole, ile ambayo sikuwahi kumpa, akaipokea kwa kichwa tu. Kisha akauliza, “Kwa nini mlikuja bila maji?”

“Tulikuja nayo.”

“Nilikuwepo, mama. Niliona.”

Ningeweza kumweleza kwa maneno. Badala yake nilimwomba aje nyuma ya gari. Tenki lilikuwa limejaa kwa ajili ya maonyesho. Nikamshikisha pua ya mpira, nikamfundisha kuweka miguu, kijana mmoja wa zamu akamshikilia mgongo, nami nikafungua yote kama tulivyofungua siku ile. Maji yaliruka mpaka kwenye uzio wa shule. Dorika alishika kwa nguvu, kanga ikamlowa. Halafu mpira ukalegea mikononi mwake, ukadondosha matone, ukanyamaza.

Alinigeukia. “Mbona umefunga?”

“Sijafunga. Yameisha.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu. Mengine yalitakiwa yatoke kwenye bomba la mtaani. Lilikuwa chini ya sakafu ya kibanda.”

Alikaa kwenye ngazi ya gari. Na mimi nikakaa kando yake, kwa kuwa magoti yangu nayo yalikuwa yanataka kukaa.

“Miaka yote hii nimewaambia watu hamkuwa na maji,” akasema.

“Tulikuwa nayo. Hayakutosha.”

“Kwa mama yangu ni mamoja.”

“Ni mamoja,” nikamwambia.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki hiyo hiyo alikuja kituoni, amevaa gauni la kanisani, akauliza mabomba mengine ya zimamoto katika kata yetu yako wapi. Mkuu wa kituo alimwonyesha ramani, nayo ilikuwa ya zamani kuliko barabara. Mimi na Salimu tulikuwa tunayakumbuka kwa kuwa tuliwahi kuyaunganisha. Basi tukatembea mitaani watatu, Salimu amemshika Dorika begani, akisema, “Hapa palikuwa na ukuta mfupi. Baada ya ukuta, upande wa kushoto.” Tulikuta mengine yamefunikwa na lami, jingine ndani ya ua wa mtu linatumika kufungia mbwa. Dorika ndiye aliyewafuata wenyeviti wa mitaa, akawafuata tena, akakaa kwenye mabenchi yao mpaka wakachoka kumwona. Yule wa kibanda cha vocha alikuwa mtoto wa aliyekijenga. Dorika hakugombana naye. Alimsimulia kuhusu mama yake, jina lake na chumba alicholala, kisha akaondoka. Kijana alivunja sakafu mwenyewe.

Siyo mabomba yote yaliyofunguliwa, na yaliyofunguliwa siyo yote yana maji. Mnalijua hilo kuliko mimi. Lakini pale kibandani maji yapo. Nilifungua mwenyewe kwa mkono wangu, yakatoka na kutu kwanza, kisha yakatakata.

Salimu haoni kabisa sasa. Yuko Chemba kwa mwanawe, huwa tunapigiana simu. Mwezi niliostaafu aliletwa kituoni nilipokuwa nakabidhi funguo za Mwarobaini kwa Rehema, dereva wenu mpya. Rehema aliwasha, akatia gia kwa kishindo, kila mtu akanitazama mimi. Salimu akaniambia polepole, “Mwache. Ataizoea.” Nilimwacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotegemea.

Majuzi nilikuwa natoka sokoni na mfuko wa zabibu na sukuma wiki, nikasikia king'ora nyuma yangu. Kwa mlio wa injini nilijua ni lile jipya la pili, na kwamba dereva amechelewa kubadili gia. Bodaboda mmoja alikuwa amekaa katikati ya njia anazungumza na simu. Nilimgonga begani, nikamwonyesha asogee, akasogea. Nami nikashuka kwenye mtaro, nikasimama na mfuko wangu. Mlipita kwa kasi, nyuso mbele, hakuna aliyeniona, na ndivyo inavyopaswa. Vumbi lilipotulia nikatoka mtaroni taratibu, mguu mmoja kisha wa pili, nikaenda nyumbani kupika. Sikumuuliza mtu moto uko wapi.